Mtu wa Mionzi na Moyo wa Somoe

Foleni ya salfa siku ile ilianzia mlangoni mwa ghala, ikazunguka choo cha ushirika, ikavuka barabara na kuishia kwa mama muuza mihogo ya kukaanga. Nusu ya Naliendele ilikuwa pale, na nusu iliyobaki ilikuwa imetuma mtu. Vumbi la njano lilitanda hewani, ukilamba midomo unalamba salfa. Mikorosho ilikuwa imeanza kuchanua, na kila mwenye shamba alitaka mfuko wake wa dawa hiyo kabla ugonjwa wa ubwiriunga haujashambulia maua. Watu walisukumana, wakatukanana kwa adabu, wakaombana radhi, wakasukumana tena.

Katikati ya foleni hiyo alichuchumaa msichana mmoja aliyevaa dera la zambarau lenye maua meupe, mtandio wa rangi ya ukwaju umeteleza mpaka mabegani. Jina lake Somoe. Kazi yake ilikuwa kubebesha, yaani kuunganisha vikonyo kwenye miche ya mikorosho, kwenye kitalu kimoja hapo hapo Naliendele, na siku hiyo aliomba ruhusa akamchukulie salfa shangazi yake wa Mahurunga. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikononi, kalamu mbili mfukoni, viatu vinang'aa chini ya vumbi. Huyo aliitwa Asadi.

"Dada, foleni inasogea," alisema Asadi. "Au umeshaota mizizi?"

"Nimechoka kusimama. Kama una haraka, nipite juu."

"Nani ampite Mmakonde juu? Nikachomwe kisu?"

Somoe aligeuza shingo. "Nani kakwambia mimi Mmakonde?"

"Umenikasirikia hata sura yangu hujaiona. Sikuhitaji kuuliza."

"Na wewe ni nani?"

"Myao wa Masasi."

"Ahaa! Sasa nimeelewa. Myao akiona foleni anajua mbele kuna pilau. Baba, hii ni salfa, hailiwi."

Watu wa karibu walicheka, na mzee mmoja akasema haya sasa, watani wamekutana, hapa hatulali njaa. Kusini kwetu Myao na Mmakonde wakikutana hawahitaji kutambulishwa. Wanaanza kwa matusi ya mapenzi, na atakayenuna ndiye atakayeonekana hana malezi.

Foleni ikasogea. Somoe alisimama, akatembea hatua chache, akashika nguzo. Midomo yake ilikuwa imepauka, na kifua kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka kukimbia.

"Unaumwa?" Asadi aliuliza, na safari hii sauti haikuwa na mzaha.

"Nimefunga."

"Umefunga? Na ule muhogo niliokuona unatafuna pale kwa mama?"

Somoe alishikwa. Alianza kucheka, akacheka mpaka pumzi ikamkatika, akabaki ameshika kifua huku machozi ya kicheko yanamtoka. Asadi alimwangalia, akajua papo hapo kwamba atafanya lolote amchekeshe tena. Hakujua kicheko kile kilimgharimu nini mwenzake.

Aliibeba mifuko yote miwili ya salfa, wa mjomba wake na wa shangazi wa Somoe, akaifunga kwenye pikipiki. Kabla hawajaachana walipeana namba.

"Umeniandika nani kwenye simu?" aliuliza Asadi.

"Myao wa Salfa."

"Jina zuri. Nikikupigia, pokea kwa heshima."

Alipiga jioni ile ile. Akapiga kesho yake asubuhi kuuliza kama salfa imefika Mahurunga salama, kana kwamba salfa ni mtoto mchanga. Wiki zikapita, maswali yakahama kutoka kwenye salfa.

"Umekula, mama wa miche?"

"Nimekula. Na wewe, umewapiga picha watu wangapi leo?"

"Wengi. Mmoja kavunjika mguu, mmoja kameza pini. Wote wazuri, lakini kwa ndani hakuna aliyekufikia wewe."

"Umeniona lini kwa ndani, mwongo wewe?"

Asadi alikuwa mtaalamu wa mionzi katika hospitali kubwa ya kanda mjini Mtwara, kazi yake kupiga picha za eksirei. Siku Somoe alipoambiwa hivyo, mwiko wa ubwabwa ulimponyoka mkononi. Maana hospitali ile aliijua vizuri kuliko Asadi alivyodhani. Alikuwa anahudhuria kliniki ya moyo pale pale, kwa Daktari Neema, na tangu siku hiyo akaanza kuingilia mlango wa nyuma, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi.

Somoe alizaliwa na tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo. Damu iliyotakiwa kwenda mwilini ilikuwa inachepuka pale na kurudi mapafuni, miaka nenda miaka rudi, na moyo ulikuwa umeanza kutanuka kwa kazi ya bure. Daktari Neema alimweleza bila kumficha kwamba tundu lile lisipozibwa, siku akibeba mimba moyo unaweza kuelemewa. Waliwahi kumwandikia rufaa ya Dar es Salaam, likazibwe kwa waya unaopitishwa mshipani huku madaktari wakiutazama kwa eksirei. Somoe hakwenda. Jirani mmoja, mjuaji wa kila kitu, alimwambia mionzi ile inakausha kizazi, na Somoe alitaka watoto kuliko alivyotaka pumzi. Mimi majirani wa aina hiyo ningewafunga kitambaa mdomoni, lakini ndio tunaoishi nao.

Kulikuwa na jambo jingine lililomfanya afiche. Kabla ya Asadi alikuwepo Idrisa wa Mikindani, mfanyabiashara wa samaki. Posa ilishapokelewa. Ndugu zake waliposikia habari ya tundu, walituma ujumbe kwamba kijana wao bado anajipanga. Idrisa alikuwa na nyumba, duka na mvi. Somoe aliuelewa ujumbe, akala kiapo kwamba mwanamume mwingine hatasikia habari ya moyo wake.

Kwa hiyo alimpenda Asadi kwa hesabu ya pumzi. Walipokwenda Mikindani kula samaki, alikataa kupanda kilima akisema viatu vinambana. Walipokwenda Shangani, alikaa mchangani akamwacha Asadi aogelee peke yake. Asadi alidhani amempata mwanamke anayependa kutulia.

"Nipeleke kwenu," alimwambia siku moja. "Nimechoka kuwa Myao wa kwenye simu."

Wakaenda Mahurunga, kijiji cha karibu na mto Ruvuma, ambako Somoe alilelewa na Shangazi Tabu baada ya mama yake kufariki. Somoe alivaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa vizuri kiunoni, na hina mpya mikononi. Asadi alikuja na kanzu nyeupe na sukari kwenye mfuko. Shangazi Tabu alikuwa amechinja kuku, amepika wali wa mchele mpya na kisamvu cha nazi, na majirani walijaa barazani kumtazama mkwe mtarajiwa. Sijui habari ziliwafikia kwa usafiri gani, lakini zilifika kabla ya pikipiki.

"Karibu mtani," Shangazi Tabu alimwambia. "Kula taratibu. Wayao mkiona kuku mnasahau kurudi kwenu."

"Shangazi, mimi kuku huyu ni utangulizi tu," alijibu Asadi akijipangusa mdomo. "Mimi ninangoja siku yenyewe. Huyu Mmakonde wenu akifa, wa kwanza kuingia kaburini ni mimi! Nalala humo chali, na sitoki mpaka mniletee jogoo mwekundu na sufuria ya ubwabwa!"

Baraza lilipasuka kwa kicheko. Kwa asiye wa huku nitaeleza. Msibani, mtani huingia kaburini akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa hucheka katikati ya machozi. Kumwahidi mtu akiwa hai kwamba utamlalia kaburini ni kumwambia kwamba wewe ni wa nyumbani. Asadi aliona amesema neno tamu kuliko yote aliyowahi kusema.

Shangazi Tabu hakucheka. Somoe aliuweka chini mtungi wa maji aliokuwa amebeba, akaingia ndani. Alipotoka, alikuwa ameshika helmeti ya Asadi.

"Nenda. Mvua itakukuta njiani."

"Mvua? Jua hili?"

"Nenda, Asadi."

Alikwenda, huku akijua kabisa kwamba ni utani, na kwamba jioni atapigiwa simu ya kicheko. Haikupigwa. Alipiga yeye, ikaita mpaka ikachoka.

Kichwani mwa Somoe mambo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Mtu wa hospitali, tena wa chumba cha picha, amesikia habari zake huko kwenye korido, akaja kumcheka mbele ya majirani. Na kwa vile desturi haimruhusu mtu kumnunia mtani, hakuwa na neno la kumwambia. Angesema amekasirika, angeulizwa kwa nini, na sababu yenyewe ndiyo hiyo siri.

Asadi naye, masikini, alifanya kile ambacho Myao yeyote mwenye malezi angefanya. Utani hauombewi radhi, unaongezwa. Alituma ujumbe: "Mmakonde, mbona kimya? Umeshakufa? Nije na mkeka wangu wa kaburini?" Hakujibiwa. Siku iliyofuata akatuma: "Jogoo ameshapatikana. Bado wewe tu." Kila alipoona mpenzi wake yuko kimya, alizidisha kaburi. Somoe alisoma ujumbe mmoja mmoja akiwa amekaa kitandani, akalia, kisha akamfungia namba.

Mwezi mzima Asadi alitembea kama mtu aliyepoteza funguo. Aliamini Somoe amepata mwingine. Kazini alipiga watu picha bila kusema neno, na wagonjwa walioizoea mizaha yake wakaulizana huyu kijana kapatwa na nini.

Asubuhi moja aliita jina lililofuata, na aliyeingia chumbani kwake alikuwa mama mnene mwenye khanga doti moja na uso wa ugomvi.

"Shangazi Tabu! Unaumwa wapi?"

"Hapa." Alijipiga kifuani. "Nipige picha uone ulivyonichoma."

"Shangazi, nimefanya nini mimi?"

"Nnungu wangu! Kumbe kweli hujui?" Alimkodolea macho muda mrefu, akakaa juu ya meza ya eksirei bila kukaribishwa. "Nimekaa foleni huko nje nikisema nikimwona tu nitamjua kama ni mbaya au mjinga. Mwanangu, wewe ni mjinga."

"Nimekubali. Sasa niambie."

"Somoe ana tundu moyoni. Tangu tumboni mwa mama yake. Kila siku ananyanyuka kitandani akijiuliza kama kuamka huko ni kwa mwisho. Na wewe unamwahidi jogoo."

Asadi aliyashika mavazi mazito ya kuzuia mionzi yaliyokuwa yametundikwa ukutani, akayaegemea. Alikumbuka nguzo ya ghala, kilima cha Mikindani, viatu vinavyobana. Mtu wa kutazama vifua vya watu kutwa nzima, na kifua alichokipenda kilimpita. Shangazi Tabu alimwonea huruma, akampa khanga yake ya mabegani.

"Lia, baba," alimwambia. "Halafu nenda kaongee naye. Na ujumbe wa simu acha."

Alimkuta kitaluni mchana huo, chini ya kivuli cha makuti, amezungukwa na miche. Somoe alikuwa amevaa aproni kubwa juu ya dera, kisu kidogo mkononi, anachonga kikonyo na kukifunga kwenye shina kwa utepe. Hakunyanyua macho.

"Umekuja kupima kaburi?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Mtani haombi radhi."

"Basi leo utani nimeuvua nje pale getini. Somoe, sikujua. Naapa kwa Mungu aliyeniumba, sikujua."

"Watu wa hospitali hawajui? Mnaongea, nyie."

"Mimi nawaona watu mifupa. Siri zao hawaniletei. Ameniambia shangazi yako leo asubuhi, na nimelia mbele yake mpaka akanipa khanga yake nijifute."

Somoe alinyanyua macho. Macho ya Asadi yalikuwa mekundu kweli, ya mtu aliyelia mchana kweupe bila aibu. Kisu kikatulia mkononi mwake.

"Ulinitumia jogoo," alisema, sauti ikiwa imelainika kidogo.

"Nilituma. Nilidhani umenichoka, nikawa nakutania ili nisikulilie. Nipige kofi, hasira ikuishe."

"Nikikupiga nitachoka mimi."

Wote wawili walicheka kidogo, kwa woga, kama watu wanaojaribu daraja bovu. Asadi alichuchumaa mbele yake kwenye udongo na suruali yake ya pasi.

"Shangazi ameniambia unatibiwa kwa Daktari Neema. Amekuambia kuhusu kambi ya madaktari wa moyo?" aliuliza.

"Ameniambia. Mwalimu wake anakuja kutoka nje, watazibia hapa hapa Mtwara. Anasema wanatumia ultrasaundi, ile ya kutazamia wajawazito. Bado sijamjibu."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mtu wa mionzi. Sema kweli. Ni kweli hawatatumia?"

"Sisi wa eksirei tuliitwa kwenye kikao tukaambiwa asanteni, mashine yenu haitakiwi. Wanapitisha waya kwenye mshipa wa paja, mtu mmoja anashikilia kile kipimo juu ya kifua, wanaona moyo ukicheza na waya ukiingia. Ni sauti tu, sauti ambayo sikio halisikii. Hakuna mionzi hata punje."

"Na ile ya Dar es Salaam, ingenimaliza kizazi?"

Asadi alifikiri kabla ya kujibu. "Kiasi kile hakimalizi kizazi. Jirani yako alikudanganya. Lakini na mimi sitakudanganya kwamba mionzi ni maji ya kunywa. Mimi mwenyewe najificha nyuma ya ukuta kila ninapobonyeza. Kama kazi inafanyika bila hiyo, wewe bado kijana, ni afadhali bila hiyo."

"Inaweza kushindikana?"

"Inaweza. Kile kifaa kinaweza kukataa kukaa, au kikachomoka. Ndiyo maana daktari wa upasuaji atakuwa amesimama pale tayari."

Upepo ulitikisa makuti. Hakuna mwanamume aliyewahi kumjibu Somoe hivyo, bila kumtisha na bila kumbembeleza, na moyo wake, huo huo mbovu, ulijaa shukrani.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini usinichumbie kabla. Sitaki posa ya huruma."

"Huruma? Mimi Myao, huruma kwa Mmakonde naitolea wapi?"

"Na kwenu usiwaambie. Nikipona, nitawaambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Sitaki tena kujificha, na sitaki tena kusemewa."

"Nimekubali, mpenzi wangu. Sasa nifungulie namba yangu."

Siku ya kuzibwa, Somoe alilazwa kwenye chumba cha upasuaji cha kawaida, gauni la kijani la hospitali limefungwa kwa nyuma, hina imefifia vidoleni. Hakupewa usingizi mzito. Walimchoma ganzi kwenye paja, wakampaka jeli ya baridi kifuani, na Daktari Neema akamgeuzia skrini kidogo aone. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Bukoba, mwenye sauti ya ualimu.

"Somoe, huu ndio moyo wako. Unaona rangi nyekundu inavyoruka ukuta pale? Ndiyo inayokuchosha."

Somoe aliitazama. Maisha yake yote alikuwa anaogopa kitu asichokijua sura, na kumbe ni ka-upenyo kanakochezacheza, kama pazia lililochanika mahali pamoja. Waya uliingia. Alihisi msukumo tu pajani. Kwenye skrini kamstari keupe kalipanda, kakachungulia, kakavuka tundu. Nyuma yake kilifuata kifaa kilichokunjwa, ambacho kikifunguka kinakuwa kama vifungo viwili vilivyoshonwa mgongo kwa mgongo, kimoja upande huu wa ukuta na kimoja upande ule.

"Kimekaa?" aliuliza Somoe.

Mwalimu wa Daktari Neema aliinama kwenye skrini, akatikisa kichwa. "Rudisha," alisema taratibu. "Kimelalia upande. Tena."

Kifaa kilikunjwa, kikarudi kwenye mrija wake. Daktari wa upasuaji alisogea karibu na meza. Somoe alifumba macho, akasoma Ayatul Kursiyu ndani kwa ndani, akaifikia katikati akaisahau, akaanza upya. Akamkumbuka mama yake. Akamkumbuka na yule Myao wake huko kwenye chumba chake, na akajishangaa kuona anataka kuishi hata kwa ajili ya kelele zake tu.

"Sasa," alisema Daktari Neema. Alikivuta kifaa polepole kuona kama kimeshika, akakisukuma, akakivuta tena. Ukuta wa moyo ulisogea pamoja nacho, haukukiachia. "Kimeshika. Ninakiachia."

Rangi nyekundu iliyokuwa inaruka ukuta ilibaki upande wake. Chumba kizima kikashusha pumzi, na mwalimu wa kigeni akampigia Daktari Neema makofi ya kimya kwa vidole viwili juu ya kiganja.

"Asante, daktari," alisema Somoe, machozi yanaingia masikioni. "Asante. Asanteni nyote."

"Asante wewe," alijibu Daktari Neema. "Wewe ndiye wa kwanza kuzibwa na mkono wangu. Sitakusahau mpaka nazeeka."

Wakati huo Asadi alikuwa anampiga picha dereva wa bodaboda aliyeteguka bega. Hakuwahi kufurahi hivyo kazini kwake kwa kuona mashine yake haikuitwa chumba cha upasuaji. Simu ilipolia mfukoni alitoka nje mbio, lile vazi zito bado liko mwilini.

"Myao," sauti ilisema. Ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa yenyewe.

"Mama wa miche! Uko wapi?"

"Wodini. Hapo juu yako. Nimeshindwa kungoja upande ngazi."

Asadi alitaka kujibu kwa mzaha, mzaha ukakataa kuja. Alisimama koridoni akilia, watu wanampita, na dereva wa bodaboda akachungulia mlangoni kuuliza kama bega lake ndilo baya kiasi hicho.

Korosho zilipoanza kudondoka, Somoe alikuwa anatembea kutoka kitaluni mpaka kwake bila kusimama njiani. Alikuwa bado kwenye dawa za kulainisha damu, bado anakwenda kliniki kupimwa, na sasa aliingilia mlango wa mbele. Posa ikapangwa. Ndugu wa Asadi walitoka Masasi na kufika Mahurunga asubuhi: Mjomba Jumanne aliyekuwa msemaji, mama yake Asadi aliyeitwa Bi Farida, na wazee wengine wawili. Bi Farida alikuwa mwembamba, amevaa baibui jeusi, mtulivu sana, na hakuwa amecheka hata kwa utani wa mlangoni.

Chumbani, Shangazi Tabu alikuwa anamfunga Somoe ushungi mweupe, anamnong'oneza kwa ukali.

"Nyamaza tu, mwanangu. Tundu limezibwa. Kovu lenyewe kama la kuumwa na mbu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Umesahau watu wa Idrisa walivyotufanya?"

"Sijasahau, shangazi. Ndiyo maana."

Barazani Mjomba Jumanne alikuwa ameshamaliza salamu na kuanza ile hotuba ya ua lililoonekana bustanini. Pazia likafunguliwa. Mwali hatoki posa ikiwa inasemwa, na wazee walishtuka. Somoe alikaa mkekani mbele yao, dera jeupe, mikono juu ya magoti. Asadi, aliyekuwa nje na vijana wenzake kama desturi inavyotaka, alisogea mpaka dirishani.

"Shikamooni wazee. Mniwie radhi," alisema Somoe. "Kuna jambo nataka mlisikie kwangu. Nilizaliwa na tundu kwenye moyo. Mwaka huu limezibwa, hapa hapa Mtwara, na daktari anasema naweza kuzaa, lakini nitaendelea kupimwa. Asadi anajua. Nilimkataza asiwaambie. Kama hili ni zito kwenu, ondokeni sasa, sitakuwa na kinyongo na nyinyi. Nimeshashukuru kwa pumzi ninayovuta."

Mjomba Jumanne alibaki na kikombe cha chai katikati ya meza na mdomo, akamtazama dada yake. Shangazi Tabu alijifunika uso kwa khanga.

Bi Farida aliweka mkono sakafuni, akainuka. Somoe aliinamisha kichwa, akisubiri kusikia hatua zikienda mlangoni. Hatua zilikuja upande wake. Yule mama alipiga magoti mbele yake, akasogeza ushungi, akalaza sikio lake juu ya kifua cha Somoe.

Alikaa hivyo muda mrefu.

"Kabla ya Asadi nilizaa msichana," alisema, sikio bado liko pale pale. "Akikimbia kidogo tu, midomo inabadilika rangi. Wakasema amerogwa, tukazunguka kwa waganga mpaka tukachoka. Kila asubuhi nilikuwa namsikiliza hivi. Moyo wake ulikuwa na sauti ya maji yanayopita chini ya mlango. Siku moja nikasikiliza, nikakuta kimya."

Dirishani, Asadi alishika nondo kwa mikono miwili. Habari ya dada huyo hakuwahi kuambiwa.

"Huu hauna maji," alisema Bi Farida. Machozi yake yalikuwa yanalowesha dera la Somoe. "Kaka Jumanne, huu hauna maji. Kumbe wanapona! Sema haraka ulichotumwa, tusije tukanyang'anywa mtoto."

Mjomba Jumanne alifungua mdomo, hotuba yote ikawa imempotea. Somoe aliinua mikono yake yenye hina mpya, akaikumbatia ile shingo nyembamba.

"Sikiliza tu, mama," alisema. "Sikiliza mpaka utosheke."